Jinsi ya kuzielewa seli zinazoizunguka saratani ya mirija ya nyongo, na namna ya kuchuja habari za "dawa mpya"

Huu mwongozo ni wa watu wa aina mbili. Kuna mwanafunzi wa udaktari au wa maabara aliyepewa mada ya "stroma kwenye kolanjiokasinoma" (yaani seli na nyuzi zinazoizunguka saratani ya mirija ya nyongo) na presentesheni ni keshokutwa, na kuna yule ambaye ndugu yake katoka hospitali na ripoti ya biopsi, ndani imeandikwa uvimbe una "stroma nyingi ya desmoplastiki", yaani ya makovu, na hakuna aliyekaa naye kumfafanulia. Wote mnahitaji kitu kilekile, yaani kuuangalia ule uvimbe kama mchanganyiko wa seli za aina nyingi na kujua kila moja inafanya nini humo ndani. Ushauri wa tiba ni wa daktari anayemuona mgonjwa, mimi hapa nakupa tu namna ya kusoma, na namna ya kuuliza.

Kwanza jua ugonjwa umekaa wapi

Nyongo inatengenezwa na ini, inapita kwenye vijirija vidogo vidogo mule ndani ya ini, vinaungana vinakuwa mrija wa kulia na wa kushoto, hiyo miwili inakutana pale inapotokea kwenye ini, afu unashuka mrija mmoja hadi kwenye utumbo mdogo. Saratani inayoanzia kwenye seli zinazotandika kuta za mirija hii ndo kolanjiokasinoma. Ikianzia ndani ya ini inaitwa ya ndani. Ikianzia pale mirija inapokutana ndo ile wengi wanaita uvimbe wa Klatskin, kwa jina la daktari wa Marekani Gerald Klatskin aliyeielezea mwaka 1965. Ikianzia huko chini karibu na kongosho inaitwa ya chini. Andika pembeni ni ipi kati ya hizo tatu kabla hujasoma chochote, maana tafiti nyingi za hizi seli za pembeni zimefanywa kwenye ile ya ndani ya ini, na sio kila kilichoonekana huko kinahamia kwa nyingine.

Na usiichanganye na ile saratani ya ini tuliyoizoea. Huku kwetu mtu akisema "saratani ya ini" mara nyingi anazungumzia ile ya seli za ini zenyewe, inayofuata homa ya ini B, sumukuvu kwenye mahindi na karanga, pombe na ini lenye makovu. Ile uvimbe wake kwa kawaida huwa laini, umejaa seli za saratani, makovu yapo zaidi kwenye ini linalouzunguka. Hii ya mirija ya nyongo makovu yamo ndani ya uvimbe wenyewe. Daktari wa upasuaji akiukata anakuta kitu cheupe, kigumu, na hiyo weupe na ugumu ndo mada yetu ya leo.

Mbona makovu? Angalia wanaoupata. Sehemu inayojulikana zaidi duniani kwa ugonjwa huu ni Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako watu wanakula samaki wabichi wa maji baridi waliosagwa na viungo, na hao samaki wanabeba minyoo bapa inaitwa Opisthorchis viverrini, inaingia kwenye mirija ya nyongo na kukaa humo miaka na miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilishaiweka hiyo minyoo kwenye kundi la visababishi vya uhakika tangu 1994. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile wanayomeza watoto wa shule Kanda ya Ziwa kwa ajili ya kichocho, ila kichocho chetu ni mdudu mwingine kabisa usije ukawatisha watu kwenye grupu la familia. Wengine wanaoupata ni wenye ugonjwa wa kinga unaokaza mirija ya nyongo taratibu, na kule Osaka, Japani, walipatikana wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, vijana tu, waliokuwa wanavuta hewa ya kemikali za kusafishia mashine. Kinachofanana kwa wote hawa ni ukuta wa mrija unaojeruhiwa kila siku na mwili unaojaribu kuutibu kila siku, kwa hiyo seli za kutengeneza kovu zinakuwa zimeshaamka na zipo kazini muda mrefu kabla seli ya kwanza ya saratani haijatokea.

Shika slaidi, anza na lenzi ndogo

Kama unaweza kupata hadubini, omba slaidi ya rangi ya kawaida, ile ya hematoksilini na eosini. Anza na lenzi ndogo, usikimbilie kubwa. Utaona eneo pana la waridi lenye mistari mistari, na humo ndani vimejificha vitundu vidogo vyenye umbo bovu bovu, vimezungushiwa seli zenye viini vikubwa vya zambarau vilivyokaa ovyo. Hivyo vitundu ndo saratani, ni seli zinazojaribu kutengeneza mrija na zinashindwa. Lile eneo la waridi lote ni stroma. Sasa kadiria kwa macho, katika unachokiona hapo saratani yenyewe ni sehemu gani? Mwanafunzi akifanya hili zoezi mara ya kwanza huwa anakataa, anadhani kapewa slaidi mbaya, maana saratani ni vipande vipande tu na waridi limejaa kila mahali.

Hamia lenzi kubwa. Ndani ya waridi tafuta seli ndefu, nyembamba, zenye kiini kilichochongoka huku na huku. Hizo ni faibroblasti, mafundi wa kovu. Kwa rangi ya kawaida huwezi kujua ipi imeamka na ipi imelala, ndo maana maabara wanatumia kingamwili inayoshika protini inaitwa alfa-SMA. Ni protini ya misuli laini, lakini faibroblasti ikiamka na yenyewe inaitengeneza, kwa hiyo kwenye slaidi hiyo zinatoka kahawia. Angalizo hapa, kuta za mishipa ya damu nazo zinatoka kahawia kwa sababu zina misuli laini, na watu wanazihesabu humohumo afu wanashangaa namba zimepanda. Ukiona kahawia imezunguka duara lenye chembe nyekundu za damu katikati, huo ni mshipa, uruke. Ukiona kahawia imejipanga kama ukanda kukizunguka kitundu cha saratani, hiyo ndo unayoitafuta. Kolajeni yenyewe, zile nyuzi, ukitaka kuiona vizuri omba slaidi ya trikromu ya Masson, inatoka bluu au kijani kutegemea na maabara.

Je, wingi wake una maana yoyote kwa mgonjwa? Tafiti za Japani na Thailand zilizotoka 2009 zilionyesha wagonjwa ambao uvimbe wao una alfa-SMA nyingi walikuwa na maisha mafupi zaidi kuliko wenye kidogo. Hiyo inakuambia vitu viwili vinatembea pamoja, haikuambii kipi kinamsukuma mwenzake. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji huko chini.

Hii stroma inaonekana hata bila hadubini. Kwenye CT ya kontrasti, ile picha inayopigwa baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha, uvimbe wa ndani ya ini mara nyingi unang'aa pembeni kwanza, afu katikati inang'aa taratibu dakika kadhaa baadaye, maana dawa ikishaingia kwenye zile nyuzi inachelewa kutoka. Ndo maana picha za hatua ya mwisho, zile za kusubiri, zina umuhimu, na ukisoma ripoti ukakuta zimerukwa uliza kwa nini. Wakati mwingine utaona gamba la ini limevutwa kwa ndani juu ya uvimbe, limebonyea, hiyo ni kolajeni inajikunja na kuvuta.

Na hapa kuna jambo linaloumiza familia nyingi. Uvimbe ukiwa kwenye mirija mikubwa, daktari anapitisha kamera mdomoni, anaingiza brashi ndogo kwenye mrija, anasugua ili apate seli. Sasa seli za saratani zimefungwa ndani ya nyuzi ngumu, brashi inarudi na seli chache au seli za kawaida tupu, majibu yanasoma "hakuna seli za saratani zilizoonekana". Watu wanarudi nyumbani wanashukuru Mungu. Hicho kipimo kikisema ipo, ipo. Kikisema haipo, hakijamaliza kesi, na kama mrija bado umebana, macho bado ya njano na picha bado inatia shaka, daktari ana haki ya kurudia au kutafuta njia nyingine, usimuone anatafuta hela.

Jua majina ya waliomo

Faibroblasti ndo wengi na ndo nitakaa nao zaidi, ila hawapo peke yao. Kuna makrofeji, seli za kinga zinazokula mabaki. Kuna seli nyingine changa za uboho ambazo kazi yao humo ndani inageuka kuwa kuizima kinga. Kuna seli T ambazo ndo zilipaswa kuua saratani na mara nyingi unazikuta zimesimama nje kwenye nyuzi hazijaingia. Kuna mishipa ya damu, ambayo kwenye uvimbe huu sio mingi sana, kuna mishipa ya limfu, na kuna neva, ambazo saratani hii inapenda sana kutambaa kuzifuata.

Faibroblasti zinatoka wapi? Swali hili lilibishaniwa muda mrefu. Wengine walidhani seli za saratani zenyewe zinajigeuza kuwa faibroblasti. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Italia lilichukua seli za saratani ya nyongo za binadamu, wakazitia alama ya kijani, wakazipandikiza kwenye panya wasio na kinga, uvimbe ukaota. Faibroblasti zilizojaa humo hazikuwa na kijani. Maana yake zilitoka kwa panya, ziliitwa kutoka kwenye mwili wa mwenyeji. Kwa uvimbe wa ndani ya ini, kazi ya maabara ya Robert Schwabe pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliyotoka 2021 ilionyesha kwenye panya kwamba nyingi zinatokana na seli nyota za ini. Hizo ni seli za kawaida kabisa, kila mtu anazo, kazi yake ukiwa mzima ni kutunza akiba ya vitamini A. Ini likijeruhiwa zinaacha hiyo akiba zinageuka kuwa watengenezaji wa kovu. Kwa uvimbe wa mirija mikubwa, faibroblasti zinazokaa jirani na mirija zinahusika nazo.

Usizichukulie kama kundi moja. Kazi hiyohiyo ya 2021 ilizitenganisha angalau mbili: kuna zile za kujikaza na kutengeneza nyuzi, na kuna zile za kutoa kemikali za kuchochea. Watafiti wa China mwaka mmoja kabla walikuta kwa wagonjwa kundi jingine linalokaa karibu na mishipa midogo ya damu, linatoa IL-6, moja ya hizo kemikali za kuchochea, kwa wingi. Ukikuta makala inasema "faibroblasti zinafanya hivi" bila kusema zipi, weka alama ya kuuliza.

Chora mishale

Hii ndo sehemu ya kazi, chukua karatasi. Chora duara mbili, moja andika saratani, nyingine faibroblasti. Kila unachosoma kuanzia leo kiweke kama mshale wenye jina, na kila mshale uandike unatoka wapi unaenda wapi. Ukishindwa kujua unatoka wapi, hujaelewa makala, rudia kusoma.

Mshale wa kwanza unatoka kwa saratani. Hao hao wa Italia walikuta seli za saratani ya nyongo zinatoa PDGF-D, protini ya kuita seli nyingine, hasa zikikosa oksijeni, na faibroblasti zina kipokezi chake, zikiisikia zinatembea kuifuata. Mshale wa pili nao unatoka kwa saratani, ni TGF-beta, ambayo ndo inaziamsha na kuziambia zitengeneze kolajeni.

Sasa geuza. Faibroblasti zikifika hazikai bure. Watafiti wa Ufaransa walionyesha 2013 kwamba zinatoa HB-EGF, inakwenda kukaa kwenye kipokezi cha EGFR juu ya seli ya saratani, seli inakua na inaanza kupenya. Uzuri wa hiyo kazi ni kwamba EGFR ikishawashwa, seli ya saratani inatoa TGF-beta zaidi, na TGF-beta inafanya faibroblasti itoe HB-EGF zaidi. Angalia karatasi yako, umechora mzunguko. Kila mmoja anamlipa mwenzake na deni haliishi. Ongeza HGF inayowasha kipokezi cha MET, ongeza CXCL12 inayoivuta seli ya saratani itembee, ongeza ile IL-6 ya kwenye mishipa, ambayo kwa wale wa China ilibadilisha hadi namna jeni za saratani zinavyofunguliwa na kufungwa.

Chora na mshale mwingine ambao watu wengi wanausahau, unatoka kwa faibroblasti unaenda kwenye zile nyuzi zenyewe. Stroma haina kolajeni tu. Kuna periostini na tenasini, protini ambazo mwili wa mtu mzima unazitumia kwenye vidonda, na kuna hayaluroni, sukari ndefu inayovuta maji. Uvimbe ukijaa maji na nyuzi, presha ndani inapanda, mishipa inabanwa. Ile kauli ya Harold Dvorak ya 1986 kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona, ukitaka kuiona kwa macho njoo kwenye ugonjwa huu.

Mwisho weka mshale unaotoka nje ya karatasi. PDGF-D ileile ikiifikia faibroblasti inaifanya itoe VEGF-C, na hiyo inaotesha mishipa ya limfu. Hiyo ndo barabara ambayo saratani hii inapita kwenda kwenye tezi, na tezi zikishaingiliwa upasuaji wa kuponya unakuwa mgumu sana. Hii ni moja ya sababu mi huwa nasema ukiwa na muda wa kujifunza mshale mmoja tu kwenye ugonjwa wote, jifunze PDGF-D.

Kila habari ya dawa, ipitishe kwenye maswali haya

Sasa tufike kwenye zile habari zinazotumwa WhatsApp, "wanasayansi wagundua namna ya kuua seli zinazoilinda saratani". Uliza swali la kwanza, imejaribiwa wapi? Kwenye sahani ya maabara, kwenye panya, kwenye vipande vya nyama vya wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, au kwa mgonjwa aliye hai? Hizo ngazi nne usizichanganye hata siku moja.

Mfano mzuri ni navitoclax. Mwaka 2013 kundi la Gregory Gores wa Mayo Clinic, Marekani, walikuta faibroblasti zilizoamka zipo karibu na kufa wakati wote, zimeshikiliwa na protini moja moja tu, ukiiondoa zinajiua. Wakawapa dawa hiyo panya wakubwa wenye saratani ya nyongo, faibroblasti zikafa, tenasini ikapungua, uvimbe ukasinyaa na wanyama wakaishi zaidi. Kazi safi kabisa. Lakini ni panya, na haijawa tiba ya kawaida ya ugonjwa huu kwa binadamu.

Swali la pili, mshale ule ukizuiwa kwa mgonjwa imekuwaje? Kumbuka HB-EGF na EGFR. Kwenye panya kuzuia EGFR kulipunguza uvimbe uliokuzwa pamoja na faibroblasti. Kwa wagonjwa, dawa za kuzuia EGFR zikiongezwa juu ya kemo kwenye majaribio makubwa hazikurefusha maisha. TGF-beta nayo, ilitengenezwa dawa moja ya kunasa TGF-beta na kuzuia PD-L1 (protini inayoizima kinga) kwa pamoja, inaitwa bintrafusp alfa, matumaini yalikuwa makubwa kwa sababu ugonjwa wenyewe umejaa TGF-beta, na jaribio lake la saratani za nyongo likasimamishwa 2021. Sio kwamba mishale ilikuwa ya uongo. Ipo mingi, ukiziba mmoja mwingine unapita.

Swali la tatu, ukiziondoa hizo seli zote kinatokea nini? Hapa inabidi uazime kwa kongosho, ambayo uvimbe wake nao ni wa makovu na imechunguzwa zaidi. 2009 ilionekana kwenye panya kwamba ukiizuia njia ya mawasiliano ya seli inaitwa Hedgehog, stroma inapungua na kemo inaingia vizuri, wanyama wakaishi zaidi. Kila mtu akashangilia, dawa ikapelekwa kwa watu, na 2012 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliopewa walikuwa wanafanya vibaya kuliko wasiopewa. Miaka miwili baadaye makundi mawili tofauti yakaonyesha kwenye panya kwamba ukiondoa faibroblasti za kongosho kwa nguvu, saratani inakuwa kali zaidi. Kumbe sehemu ya ile stroma ilikuwa inaibana.

Kwa hiyo kwenye saratani ya nyongo usiulize "stroma ni mbaya au nzuri". Uliza sehemu ipi. Kwenye ile kazi ya Columbia, kupunguza seli nyota kwenye panya kulipunguza uvimbe, ila walipoondoa kolajeni ya aina ya kwanza peke yake, ukuaji haukubadilika, na walipogusa kimeng'enya kinachotengeneza hayaluroni au ile HGF, ulipungua. Yaani kitu kinachoonekana zaidi kwenye slaidi, zile nyuzi za waridi, hapo hakikuwa ndo injini. Hili mi naona ndo jambo la kufikirisha kuliko yote kwenye mada hii, na presentesheni yoyote inayoishia kusema "stroma inalinda saratani" bila kufika hapa haijamaliza kazi.

Swali la nne ni fupi, nani anachukua nafasi? Mwaka 2020 kazi nyingine ya Mayo ilionyesha kwenye panya wenye saratani ya nyongo kwamba ukiondoa makrofeji peke yake hupati kitu, zile seli changa za kuzima kinga zinaongezeka zinaziba pengo. Walipozuia zote mbili pamoja na kufungua kinga, ndo uvimbe ukasikia.

Ukirudi kwa mgonjwa sasa

Neno "desmoplastiki" kwenye ripoti linaelezea sura ya uvimbe, halitaji hatua ya ugonjwa wala halisemi umebakiza muda gani. Hatua unaisoma kwenye ukubwa, mishipa iliyoguswa, tezi na viungo vingine. Tafuta kwenye ripoti hiyohiyo kama wameandika neva zimeingiliwa, kama kingo za upasuaji zilikuwa safi, tezi ngapi zilichunguzwa na ngapi zina saratani. Hayo yanabadilisha maamuzi kuliko lile neno lililokutisha.

Tiba ya leo kwa uvimbe usioweza kukatwa haielekezwi kwenye stroma moja kwa moja. Msingi ni kemo mbili, jemsitabini na sisplatini, tangu jaribio la Uingereza la 2010 ambalo wagonjwa 410 walishiriki na wastani wa maisha ukatoka miezi 8.1 kwa jemsitabini peke yake ukafika 11.7. Mwaka 2022 ikaongezwa durvalumab ya kufungua kinga, wastani ukawa miezi 12.8 dhidi ya 11.5. Ukiangalia hizo namba mbili unaona tofauti ndogo, lakini angalia na miaka miwili mbele, waliokuwa hai walikuwa karibu robo upande wa durvalumab na karibu mmoja kwa kumi upande wa kemo peke yake. Kuna wachache wanaofaidika sana na wengi wasiofaidika, na watu wanaotafiti stroma wanaamini sehemu ya jibu ipo kwa zile seli T zilizosimama nje.

Kwa uvimbe wa ndani ya ini, omba kuuliza kuhusu kipimo cha jeni. FGFR2 na IDH1 zikiwa zimebadilika kuna dawa za vidonge zilizoidhinishwa Marekani 2020 na 2021. Havipatikani kila mahali na bei haziongeleki, najua, ila swali halina gharama. Kuna na picha mpya za PET zinazoshika protini ya faibroblasti inaitwa FAP, zilizoanzia Heidelberg, Ujerumani, na saratani ya nyongo ni kati ya zinazong'aa sana humo kwa sababu zimejaa faibroblasti. Zinakuja taratibu, wachache wanazo.

Namna ya kumuuliza daktari, usiende na karatasi ya mishale ukamsomea. Nenda na haya: "Daktari, shikamoo, naomba nielewe uvimbe wa mama umeanzia sehemu gani ya mrija? Brashi ilipata seli za kutosha au majibu hayajakamilika? CT ilipigwa na zile picha za kuchelewa? Kuna kipande kimebaki cha kupima jeni?" Akijibu andika palepale, na kama kuna neno hujalielewa mwambie alirudie, hawachukii kama watu wanavyodhani.

Ukikutana na mtu anauza dawa ya "kuyeyusha nyuzi za saratani", umeshajua ni swali gani la kumuuliza, ilijaribiwa wapi na kwa nani. Na mwambie daktari kila kitu mgonjwa anachokunywa pembeni, kwa sababu mrija ukiwa umeziba ini linasafisha dawa kwa shida, na mitishamba mingine inalichosha zaidi.

Mgonjwa akihamishwa hospitali, usiondoke na karatasi ya ripoti tu. Omba utaratibu wa kupata slaidi na bloku ya parafini, kile kijipande cha nta chenye nyama iliyokatwa. Alfa-SMA, jeni, chochote kitakachohitajika baadaye kinakatwa kutoka humo, na bila bloku mgonjwa ataingizwa sindano tena kwenye uvimbe uleule mgumu, na kama nilivyosema pale kwenye brashi, mara ya pili inaweza isitoe kitu.